Huckleberry Finn darasani: kejeli ifundishwe kabla ya sura ya kwanza

Mhariri,

Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, hasa waliotoka Kongo kupitia kambi za Kigoma, hushtuka mtoto wa darasa la 11 anaporudi nyumbani na riwaya ya Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn. Lile tusi la watu weusi lianzalo na herufi N limo zaidi ya mara 200. Mzazi hutaka kitabu kiondolewe. Shule humjibu kwamba ni kitabu cha kupinga ubaguzi, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Shule inasema kweli, lakini jibu hilo halimsaidii mtoto, kwa sababu kitabu hiki kikifundishwa ovyo humuumiza. Mara nyingi uovyo wenyewe huanza siku ya kwanza, mwalimu anapogawa nakala na kuagiza sura tatu zisomwe nyumbani.

Kejeli ya Twain ni kama mipasho ya taarab. Mgeni wa mtaa husikia wimbo wa mapenzi. Mwenyeji anajua nani kachomwa. Mtaa wa Huck ni Missouri ya miaka ya 1840 hivi, jimbo la utumwa, ambako kumsaidia mtumwa kutoroka kulikuwa kosa mbele ya sheria na dhambi mbele ya wahubiri wengi. Msimulizi ni mvulana wa miaka 13 au 14 anayeamini yote aliyofundishwa huko. Mwanafunzi asiyejua hayo huyachukua maneno ya Huck kuwa maoni ya Twain, na hapo somo limeshaharibika.

Vipindi vitatu vya mwanzo visiiguse sura ya kwanza. Kimoja kiwe cha historia na cha kuweka kanuni: tusi lile halitamkwi na yeyote, mwalimu akiwemo, akifika penye neno hilo, msomaji ananyamaza kidogo na kuendelea. Kanuni iandikwe na wazazi wapelekewe kabla vitabu havijagawiwa. Na mwanafunzi mweusi asigeuzwe balozi. Mtoto aliyezaliwa Uvira hana deni la kuwaeleza wenzake mambo ya Missouri.

Kipindi cha pili kitumie kijitabu cha Twain cha 1905 ambamo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji anasema peke yake, akiwalalamikia wamishonari na kamera kwa kufichua unyama wake Kongo. Hakuna asiyeona kwamba mfalme anajihukumu kwa kinywa chake. Darasa likishaelewa mbinu hiyo, kipindi cha tatu kisome hotuba ya baba yake Huck katika sura ya 6. Mlevi huyo, ambaye vidole viwili vya mguu vinachungulia nje ya kiatu, anaitukana serikali kwa kumruhusu mtu mweusi huru kutoka Ohio, profesa mwenye saa ya dhahabu, kupiga kura kwao. Kisha analipiga teke pipa kwa kiatu hicho hicho. Swali liwe moja: nani anachekwa hapa, na umejuaje? Kifungu hiki pia kinaonyesha kwa nini nakala iliyotoka 2011, iliyoweka "mtumwa" badala ya tusi, haikumaliza tatizo. Profesa yule hakuwa mtumwa wa mtu, naye alitukanwa vilevile.

Sura zote ni 43, na wiki tano zinatosha, lakini zisigawanywe sawasawa. Ugomvi wa familia mbili, akina Grangerford na Shepherdson, wanaosikiliza mahubiri ya upendo wa kindugu huku bunduki zikiwa magotini, unajieleza wenyewe. Sura ya 15 inahitaji kipindi kizima: Huck anamdanganya Jim, mtumwa mtoro anayesafiri naye mtoni, baada ya kupotezana kwenye ukungu, Jim anamwambia wazi kwamba anayemfanyia rafiki hivyo ni takataka, na Huck anachukua dakika 15 kujishusha hadi kuomba radhi. Maneno ya Jim yameandikwa kama yanavyotamkwa, kwa hiyo anayejifunza Kiingereza akisoma kimyakimya hukwama kila mstari. Asomewe kwa sauti na mwalimu. Rekodi nyingi zinazouzwa hulitamka tusi, na mwalimu anayezicheza bila kuzisikiliza kwanza anaivunja kanuni yake mwenyewe.

Sura ya 31 ndiyo hukosewa zaidi. Huck anaandika barua ya kumrudisha Jim kwa Miss Watson, mwanamke anayemmiliki, anajisikia ametakasika, halafu anaichana na kusema basi, ataenda motoni. Darasa hushangilia kwamba ameutambua uovu wa utumwa. Waambie waonyeshe mstari unaosema hivyo. Hawataupata, kwa sababu Huck anaamini mpaka mwisho kwamba anatenda dhambi. Kinaya kiko hapo: dhamiri yake imefundishwa uovu, moyo wake unaiasi. Na sura inayofuata mvulana huyo huyo anatunga uongo kuhusu ajali ya meli. Mama mkarimu aliyempokea anamuuliza kama kuna aliyeumia. Hapana, anajibu, aliuawa mtu mweusi tu. Afadhali, anasema mama yule, maana wakati mwingine watu huumia. Mistari hiyo iandikwe ubaoni, pengo likiwekwa mahali pa tusi, na dakika 20 zitumike hapo. Mwalimu anayeiruka kwa kuionea aibu ameruka kitovu cha kitabu.

Kisha kuna sura kumi za mwisho, Tom Sawyer, rafiki yake Huck, anapomtesa Jim kwa michezo ya kutoroka huku akijua kwamba wosia wa Miss Watson umeshamwacha huru. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, katika kitabu chake cha 1935 kuhusu uwindaji Tanganyika, aliwashauri wasomaji waishie Jim anapoibwa. Darasani ushauri huo haufai. Twain alianza kuandika 1876 na kumaliza 1883, katikati yake Serikali ya Marekani ikiwa imewaacha mkono weusi wa Kusini, waliokwisha kuwa huru, mwaka 1877. Mtu aliye huru anayefungiwa kibandani kwa ajili ya burudani ya wengine anastahili kusomwa pamoja na tarehe hizo.

Kasoro za Twain zisemwe pia. Ralph Ellison, mwandishi mweusi wa Marekani, alionyesha kwamba Jim amechongwa kwa sehemu kutokana na maonyesho ambamo wazungu walijipaka masizi na kuigiza weusi, na hilo huonekana zaidi mwanzoni. Kwa hiyo shule isiyoweza kutenga wiki tano ichague kitabu kingine. Atakayeishia sura ya 14 ataondoka na Jim wa kuchekwa tu.

Mwalimu wa fasihi,
Ohio, Marekani