Chaja kwanza, Linux baadaye

Ngamiani, Tanga

Swahiba wangu,

Assalaam alaikum. Nipe salamu kwa wote hapo Bagamoyo. Huku Tanga hatujambo, kaskazi tu imetukalia.

Umeniuliza Linux ipi (mfumo wa kuendeshea kompyuta) nyepesi kwa hiyo Raspberry Pi 4 yako, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, ya memori GB 4. Weka Raspberry Pi OS ya biti 64, ile yenye skrini kamili ya madirisha, na hapo mjadala umekwisha. Wengi wanaokwama hawakwamishwi na Linux. Wanakwamishwa na chaja na kadi ya memori inayobeba mfumo, kwa hiyo hapa nakuomba usome taratibu.

Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu ya kuchaji haraka hupata nguvu zake kwa kupandisha volti baada ya kuelewana na simu. Pi haiombi volti hizo, basi chaja hurudi kwenye volti 5 na mara nyingi ampea 2 tu. Ongeza waya mwembamba na mrefu, umeme unazidi kupotea njiani. Ukishuka chini ya volti 4.63 utaona alama ya radi pembeni mwa skrini, mashine inakuwa nzito, diski ya USB inajichomoa yenyewe na mafaili yanaharibika. Pi ikishawaka, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni salama. 0x50000 maana yake umeme ulipungua na mashine ikapunguza kasi wakati fulani tangu uiwashe. 0x50005 ni kwamba hali hiyo ipo sasa hivi. Usiguse programu yoyote kabla hujabadilisha chaja.

Kadi iwe microSD ya GB 32 yenye alama ya A1, yaani inayofaa kuendeshea programu. Kadi bandia ni nyingi: simu inakuonyesha GB 64 kwa sababu kadi yenyewe inadanganya, kumbe ndani kuna 8, na ukipita hapo data zinapotea kimyakimya. Kabla ya kusakinisha, ijaribu kwenye kompyuta yenye Linux kwa programu za kupima kadi, f3write kisha f3read. Inachukua muda, vumilia.

Kuandika mfumo kwenye kadi ni kazi ndogo. Kwenye kompyuta nyingine tumia programu ya Raspberry Pi Imager, chagua aina ya Pi, mfumo na kadi. Ila usiruke ukurasa wa mipangilio: tangu Aprili 2022 hakuna tena mtumiaji wa "pi" aliyewekwa tayari, kwa hiyo weka jina na nywila yako. Nchi ya Wi-Fi andika TZ, maana ikiachwa wazi Wi-Fi hubaki imefungwa. Saa iwe Africa/Dar_es_Salaam. Acha Imager ikague kadi hadi mwisho.

Waya wa skrini ni micro HDMI, si mini, na uchomeke tundu lililo karibu na tundu la umeme. Washa skrini kwanza, Pi baadaye. Taa ya kijani ikipepesa mara 4 au 7 kwa mpangilio, faili za kuanzishia hazijapatikana; andika kadi upya.

Ikiwaka, sasisha programu kwenye terminali: sudo apt update, kisha sudo apt full-upgrade. Tovuti zikikataa kufunguka, au apt ikilalamika kuhusu tarehe, tazama saa kwanza. Pi 4 haina saa yenye betri. Bila intaneti saa yake hubaki nyuma baada ya kuzimwa. Kama intaneti yako ni ya kubahatisha, nunua kibao cha saa yenye betri cha DS3231, ukipe volti 3.3 na si 5, kwani pini za Pi hazivumilii 5. Kisha ongeza mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 ndani ya /boot/firmware/config.txt.

Umeme ukikatika wakati Pi inaandika kwenye kadi, mfumo unaweza kuharibika. UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, itakusaidia. Pawabenki siipendi: nyingi hukata umeme kidogo pale zinapohama kutoka kuchajiwa, na hapo Pi inazima. Weka pia kipoza joto na feni, maana ikifika nyuzi 80 hujipunguzia kasi, na kasha la plastiki lililofungwa kwa joto la pwani litaifikisha huko upesi.

Ukishawasha, nitumie jibu la get_throttled kabla ya kuniuliza lolote jingine.

Wako,
Swahiba wa Ngamiani