Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mvuke wa Viyeyushi Viwandani Mwetu

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka huu, ambayo karibu yote inahusu mvuke wa thina, rangi, gundi na wino unaotoka viwandani mwetu. Mambo ya ada na uchaguzi yamo katika taarifa za Mweka Hazina na Katibu.

Toluini, zailini na asetoni tunazozitumia kama viyeyushi, yaani vimiminika vya kuyeyushia rangi, gundi na wino, ni kemikali za kaboni ambazo hugeuka mvuke kwa joto la kawaida tu la Dar es Salaam. Ndani ya kiwanda mvuke huo humletea mfanyakazi maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na akiuvuta kwa miaka hudhuru mfumo wa fahamu. Nje, hukutana na oksidi za naitrojeni zitokazo kwenye magari, na kwa nguvu ya jua huzalisha ozoni inayodhuru mapafu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 zinatuhusu sote, wakubwa kwa wadogo.

Swali lililoletwa zaidi mbele ya Kamati lilikuwa la mtambo upi wa kudhibiti mvuke huo ununuliwe. Tanuri la kuteketeza mvuke hufanya kazi kwenye nyuzi joto zaidi ya 700 za Selsiasi, na humfaa mchapaji wa vifungashio ambaye mitambo yake haizimwi. Kwa karakana inayopuliza vanishi saa chache kwa siku, mvuke ni hafifu na tanuri litakula mafuta bure. Mkaa maalumu wa kunasa mvuke ni nafuu zaidi, lakini unyevunyevu wa pwani yetu huupunguzia uwezo, chembe za rangi huuziba usipotanguliziwa chujio, na ukishajaa huacha mvuke upite bila kutoa ishara yoyote ya kuonekana.

Kamati inaona tumeanzia mwisho. Katika karakana mojawapo ya samani tuliyoitembelea, feni ya kutolea hewa ilikuwa mpya kabisa, ila chini yake palikuwa na beseni la thina la kuoshea bunduki za rangi, wazi tangu asubuhi, na matambara yaliyolowa yalikuwa kwenye ndoo isiyo na kifuniko. Kazi ya feni ile ilikuwa kuwapelekea majirani mvuke. (Wenye viwanda, nikiwamo mimi, tunapenda zaidi kununua mtambo kuliko kifuniko.)

Hesabu yenyewe si ngumu: thina iliyonunuliwa, ukitoa iliyobaki stoo na iliyopelekwa kama taka, imekwenda hewani, ikiwa ni pamoja na ile iliyokaukia kwenye mbao. Pipa la lita 200 la toluini lina kilo zipatazo 170, nazo ni fedha za mwanachama. Bunduki za shinikizo dogo hupunguza rangi inayopeperuka, na vanishi za maji hupunguza mvuke wenyewe, ingawa wakati wa masika huchelewa kukauka na hilo lazima lipangiwe ratiba.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kwamba kila mwanachama aandike daftari la viyeyushi kila mwezi na kumpelekea Katibu nakala kila robo mwaka, na kwamba ununuzi wa pamoja wa mitambo usubiri hesabu za miezi 12. Fomu yenye safu nne imeambatishwa, na pendekezo hili litapigiwa kura kabla ya mkutano kufungwa.