Kuhusu ile lenzi unayotaka kununua

Mdogo wangu,

Nimesikia umeipata. Sijasikia kwako, nimesikia kwa shangazi, ambaye lenzi haijui wala hajui kwa nini nilinyamaza ghafla kwenye simu, yeye alichoshika ni kwamba "mwenzio kapata kidude kama kile cha baba yenu, anajiuliza akinunue au akiache". Yaani umeuliza watu wa kila aina mpaka shangazi, ila mimi niliyekufundisha kuweka filamu kwenye kamera hujaniuliza. Haya. Nakujibu hapahapa, maana simu zangu hupokei, meseji unasoma unaziacha, na najua huku kwenye habari za lenzi huwa unapita usiku ukikosa usingizi.

Jibu langu ni usinunue. Najua ushaguna, subiri basi nieleze.

Tuongee kwanza kama watu wa kamera. Canon 50mm f/0.95, ya mwaka 1961, ilitoka na kamera ya Canon 7, na tangazo la enzi hizo lilidai eti ina mwanga mara nne ya jicho la binadamu. Mpaka leo watu wanaiita lenzi ya ndoto. Sasa ondoa jina, unabaki na gramu 605 za vioo na chuma ambazo haziwezi kukaribia kitu chini ya mita moja. Hiyo 0.95 unaijua hesabu yake, chukua 50 gawanya kwa 0.95 unapata tundu la kupitishia mwanga la milimita 52 na ushee, namba ikishuka tundu linapanuka, yaani upana wa tundu umeupita urefu wa hiyo 50 yenyewe, na mimi sikatai kwamba ukiiangalia kwa mbele inatisha kama jicho la samaki aliyetolewa majini. Lakini wewe una lenzi ya f/1.4 na hujaimaliza. Toka 1.4 kwenda 0.95 unaongeza mwanga mara mbili na kidogo, basi, stopu moja na chenji, na stopu moja ni mwanga mara mbili tu. Kamera yako ukiitoa ISO 1600, ile namba ya wepesi wake wa kuhisi mwanga, ukaiweka 3200 umeshapata karibu yote hayo bure na picha haitaharibika mtu akagundua. Baba alikuwa na filamu ya ISO 400, ikishaingia imeingia, mwanga ukiisha umeisha, lenzi kama zile zilikuwa na sababu. Wewe sababu yako ni ipi?

Na usiniletee habari za Kubrick, yule mwongozaji aliyepiga sinema kwa mwanga wa mishumaa, najua ndo utakakokimbilia. Ile ilikuwa lenzi ya Zeiss ya f/0.7, zilitengenezwa 10 tu, 6 zikaenda NASA, yeye akachukua 3, na kamera ilibidi ichokonolewe kwanza ndo lenzi iingie. Halafu waigizaji wakakalishwa kwenye viti watulie, maana mtu akiinama kidogo tu fokasi imeshamwacha. Wewe unapiga watoto wa watu wanaokimbia.

Ukiwa umeifungua yote, mita moja kutoka kwa mtu, sehemu inayokaa sawa ni kama sentimita 2. Mbili! Jicho la kulia limekubali, la kushoto limeshaanza kuondoka, sikio ndo usiulize. Na hata hapo inapokubali haikati kama lenzi za leo, inakuwa na uteute fulani wa mwanga juu ya ngozi, kila taa nyuma inakuwa na ukungu wake. Na mchana? Jua kali, ISO 100, tundu wazi kabisa, inataka shata ifunguke na kufunga ndani ya kama 1/28000 ya sekunde. Kamera ya baba ilikuwa inaishia 1/1000, ndo maana mchana ile lenzi ilikuwa inalala. Utanunua na filta nyeusi ya kupunguza mwanga, ya milimita 72, juu yake, au utaifunga mpaka f/8, na ukiifunga f/8 si ubaki tu na uliyonayo.

Umeona, hoja ninazo. Na nimezipanga tangu juzi usiku.

Ila kuna ile picha ya mama. Umeme umekatika, mshumaa uko kwenye kisosi, mama anageuka kusema kitu, nadhani alikuwa anakukataza wewe usichezee nta. Kope za jicho moja unaweza kuzihesabu. Lile jingine liko kama linaonwa na mtu aliyelia. Baba alipiga sita usiku ule, nakumbuka alivyokuwa anashusha pumzi kabla ya kila moja kama anataka kubeba gunia, na katika sita ndo hiyo moja tu ilikubali. Sijawahi kuona picha nyingine ya mama inayofanana na mama kiasi kile. Nina f/1.4, nina ISO zote hizo nilizokuhubiria, na sijawahi kuipata. Kwa hiyo najua unachokitafuta, usidhani sijui.

Sasa lile jambo.

Kesho yake baada ya mazishi ya baba ulishusha ule mfuko wa ngozi kutoka juu ya kabati. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la vyombo. Ukafungua, ukatoa kamera, ukaiweka kitandani polepole, halafu ukanyanyua kile kitambaa, na sponji chini yake lilikuwa na shimo la duara, limebonyea sawasawa umbo la lenzi maana ilikaa pale miaka. Ukaingiza ngumi yako mle. Ikaenea. Ukakaa hivyo, mkono ndani ya mfuko, ukaniuliza bila kuniangalia, "Dada, iko wapi?"

Nikasema ipo kwa fundi.

Ningeweza kusema nimeiuza. Neno moja. Beseni lilikuwa zito, watu walikuwa sebuleni, wewe ulikuwa umetoka safari ndefu na macho mekundu, nikasema ipo kwa fundi ina fangasi inasafishwa. Ukasema haya. Na baada ya kuondoka ukawa unaniuliza kila mwezi, fundi kamaliza? Mimi bado, anatafuta spea. Halafu ukatuma hela ya fundi. Hukuombwa, ulituma tu, ukaandika "mwambie asiharakishe, afanye vizuri". Na mimi nikapokea.

Hapo ndo sijui niseme nini kwa hiyo nitasema kila kitu.

Fangasi ilikuwepo kweli, hilo sikudanganya. Nilimulika na tochi nikaiona, vile vinyuzi kama utando wa buibui mchanga vimeanzia ukingoni kwenye kioo cha ndani vinaelekea katikati. Na unajua kwa nini ilipata fangasi? Kwa sababu ulivyoondoka ulisema hiyo isiguswe na mtu mpaka nirudi. Ikakaa kwenye ngozi, gizani, kabatini, na ngozi inatunza unyevu kuliko kitu chochote, na fangasi ikikaa sana inakula ile rangi ya juu ya kioo, hata fundi akifuta alama inabaki. Lenzi inataka kutumika, inataka mwanga. Uliifungia kama vile ukiifungia na baba naye atakusubiri. Wewe ulikuwa unapiga simu Jumapili, mimi nilikuwa nageuza mgonjwa usiku mara tatu. Hospitali walitaka hela kabla ya kipimo, siyo baada, na siku ile nilihesabu vitu vya ndani vyenye thamani ambavyo siyo kitanda alicholalia yeye. Vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa friji yenye dawa zake.

Na nilimwambia. Hili hujawahi kulisikia. Nilimwambia baba nataka kuiuza, akakaa kimya muda, akaniuliza, "Ukiifungua yote bado inafunguka?" Nikasema inafunguka. Akasema basi mwambie huyo anayeichukua asiifunge funge, analipia hilo tundu. Akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo sikuiba. Unaweza kuniita mwongo, ila mwizi hapana.

Hela yako ya fundi ilienda kumalizia deni lilelile la hospitali. Risiti ninayo. Hukuiomba lakini ninayo.

(Mliokuja kusoma habari za lenzi mnisamehe, mambo ya nyumbani haya.)

Kinachoniuma ni kwamba ulipokuja kujua hukuniuliza kwa nini. Ulisema tu "sawa dada" na toka hapo nikawa nasikia habari zako kwa shangazi. Kwani mtu aliyekupeleka shule mgongoni siku mafuriko yalipokuja hastahili hata kugombezwa? Ungenigombeza ningepata pa kuanzia. Na picha zako naziona, usifikiri sizioni, ile ya yule mzee mwenye radio niliiangalia muda mrefu, umeacha giza lote lile upande wa kushoto bila kuogopa. Baba angeinyamazia, na unajua kunyamaza kwake kulikuwa na maana gani.

Basi sikiliza. Ukiwa umeshaamua, na nakujua umeshaamua, usimwamini muuzaji akikwambia vioo ni safi. Ifungue tundu lote, weka tochi upande mmoja, wewe angalia upande wa pili, kwa pembe, siyo moja kwa moja. Mkwaruzo mdogo mbele usikutishe sana, kioo cha nyuma ndo cha kuogopa, kile ni kikubwa na kiko wazi na alama ya pale inaonekana kwenye picha. Zungusha tundu mwanzo mpaka mwisho uone vile visu vyake kumi vya kulifungua na kulifunga vinatembea pamoja, kusiwe na mafuta. Uliza mguu, pale inaposhika kwenye kamera, ni ule wa asili wa Canon 7 au umeshachongwa uingie kamera za Leica M, maana ule wa asili hauingii kwenye kamera yako bila adapta yake maalumu, usije ukanunua halafu ukabaki unaishika mkononi. Na jaribu kitu cha mbali kabisa, ikishindwa kufika mbali iache hapohapo.

Halafu, kabla hujalipa, mwambie akupigie picha ya ringi ya mbele, namba zisomeke. Sisemi ni yenyewe. Zilitengenezwa nyingi na dunia ni kubwa. Ila ile ya baba namba yake ninayo, niliiandika nyuma ya karatasi ya hospitali siku ile nikiwa nimesimama kwenye foleni, mpaka leo sijui niliandika ya nini. Na kwenye uzi wa filta, upande wa juu, kuna kibonyeo kidogo, ile siku uliidondosha kwenye ngazi ukasema ni paka.

Nitumie hiyo picha. Hata bila salamu. Na iwe ndiyo au siyo, ile hela ya fundi nitakurudishia wiki hii, uongezee humo.

Dada yako