Popi huenda kushoto

Tukuyu, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Subi,

Ugonile, dada? Za Vwawa, za mzee, za mifugo ya watu? Huku mvua wiki ya pili haijakata, nguo zinalala kambani mpaka zinanuka. Tu wazima. Najua nimekunyamazia tangu msiba wa bibi, hayo tutaongea ana kwa ana. Leo nina jambo limenikaa rohoni na mtu wa kunisaidia ni wewe.

Watoto wa klabu ya sayansi wametafuta wazo lao wenyewe la maonyesho: mbwa anapenda nini zaidi, ugali wa mchuzi wa dagaa usipa au ugali wa maziwa? Aliyeuliza ni Gwamaka, kwa sababu Popi wao akiwekewa ugali mkavu anaunusa tu, anaondoka zake. Sijui nikueleze vipi furaha niliyopata. Kila mwaka ni ile volkano ya siki na magadi, na Mlima Rungwe, volkano ya kweli, tunauona dirishani!

Jumatano tukajaribu. Mabakuli mawili yanayofanana, kila moja tonge la ukubwa ule ule, Gwamaka kamshika Popi kwa kamba hatua tano nyuma. Akamwachia: usipa. Akarudishwa, akaachiwa: usipa. Mara sita, zote usipa. Watoto wakashangilia, wengine wakaanza kuchora grafu. Mimi nikagundua kwamba bakuli la usipa lilikuwa kushoto mara zote sita. Nikayabadilisha. Popi akaenda kushoto vile vile, akala ule wa maziwa, akalamba bakuli na kulisukuma kwa pua mpaka likaingia matopeni.

Wakanitazama kimya. Gwamaka akauliza, "Kwa hiyo Popi anapenda kushoto?" Dada, hilo swali lilikuwa bora kuliko grafu yote.

Halafu kuna mwenzangu mmoja hapa kazini kaniambia tuandike tu sita kwa sita, waamuzi hawatakuja na mbwa. Imeniuma. Hawa watoto wameona kwa macho yao, nikiwafundisha kuficha walichokiona nitakuwa nimewafundisha nini?

Basi tunaanza upya. Mara kumi kwa kila mbwa, Popi na wengine wawili, usipa mara tano kushoto na tano kulia, zamu zikipangwa kwa kuokota vikaratasi. Anayeshika kamba atageuka nyuma wakati wa kuweka mabakuli, maana nilimwona Gwamaka anaukodolea macho usipa, na mbwa husoma macho na kidole cha mtu haraka sana. Vyakula vyote viwe vuguvugu, kwa sababu cha moto hutoa harufu zaidi, na mbwa huchagua kwa pua kuliko kwa ulimi: vionja ladha vyake ni kama 1,700, vyetu kama 9,000. Na iwe saa ile ile, kabla hajala cha jioni.

Tena nikawapa sarafu za mia mbili, kila mtu arushe mara kumi ahesabu Karume na simba. Mtoto mmoja akapata simba nane! Nikawaambia darasa la watoto 40 likirusha hivyo, wawili hivi wanaweza kupata simba nane au zaidi kwa bahati tupu. Kwa hiyo Popi akichagua usipa mara nane, tusikimbilie kushangilia, tumrudie siku nyingine. Wameelewa, nakuapia. Yule mwenzangu ndiye bado.

Sasa kinachonitisha ni afya ya mbwa. Ule mchuzi wa Jumatano ulitoka nyumbani kwa mtu, ulikuwa na vitunguu, na nimekumbuka jioni ulivyonifokea kwa ajili ya yule mbwa wenu, kwamba kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Popi anaonekana mzima, anakimbiza kuku. Kuanzia sasa tunachemsha usipa kwa maji matupu, bila chumvi. Na kila mbwa atashikwa na mwenye naye, hakuna mtoto wa kumgusa akiwa anakula.

Nijibu haya basi. Kwa vitunguu vile kidogo, nimwangalie Popi dalili gani, na kwa siku ngapi? Maziwa kwa mbwa mkubwa si yatamharisha, au vijiko viwili si neno? Popi ana kadi ya chanjo ya kichaa, wale wawili wengine wenyewe wanasema walichanjwa lakini kadi hawana, niwaache nje? Wewe ungeandika kipi, bakuli alilolifuata kwanza au kiasi alichokula? Maana nikitaka kiasi nahitaji mzani, na ule wako mdogo wa jikoni bado unafanya kazi? Unaweza kumpa dereva wa Kosta Alhamisi, Gwamaka ataupokea stendi. Au njoo nao mwenyewe, Mama Subi, ulale huku siku mbili?

Wako,
Mama Lugano