B12 kuwa juu kwa mgonjwa wa damu sio kwamba imetosha

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu ya vitamini B iliyotoka juma lililopita, ile iliyosema ukipima B12 ukaikuta iko juu basi umezidisha vidonge, acha, na ukiikuta chini ukachome sindano, yakaishia hapo. Kwa mtu mwenye afya yake labda inatosha. Ila na sisi tunaoishi na magonjwa ya damu ya kudumu tunasoma gazeti hilo hilo, na huo mstari wa kwanza mi nilishawahi kuufuata ukaniumiza, ndo maana nimeshindwa kukaa kimya.

Nina polisaithemia vera, huu mwaka wa tisa. Kwa asiyeijua, ni ugonjwa ambao uboho, yaani kule ndani ya mfupa damu inakotengenezwa, unazalisha seli nyekundu kupita kiasi, mara nyingi na seli nyeupe na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) nazo zinapanda, damu inakuwa nzito na inaweza kuganda mahali isipotakiwa kuganda. Karibu wote wenye ugonjwa huu tuna hitilafu kwenye jeni (chembe ya urithi) inayoitwa JAK2, hitilafu hiyo iligunduliwa mwaka 2005. Tiba yangu ni kutolewa damu ili hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu, ibaki chini ya asilimia 45, aspirini dozi ndogo kila siku, na vidonge vya haidroksiyurea vya kupunguza kasi ya uboho. Na kwa sababu ya aspirini niliandikiwa pia omeprazoli ya kulinda tumbo, hii naomba muikumbuke maana narudi kwake.

Sasa mwaka wa tatu wa ugonjwa nilipimwa B12 nikarudishiwa karatasi imeandikwa 1,380, pembeni yake kawaida ni 200 mpaka 900 pikogramu kwa mililita, yangu ina kinyota. Aliyenisomea hakuwa daktari wangu wa damu. Akaniambia umejaza vitamini mwilini, usiguse B yoyote tena. Nikamwambia sijawahi kumeza kidonge hata kimoja cha vitamini, akaniangalia tu kama mtu anayeficha, akaandika kwenye faili. Nikatoka pale nikiwa na uhakika kabisa kwamba kitu kimoja ambacho sina shida nacho duniani ni B12.

Na miguu ndo ilikuwa imeanza. Kwanza ganzi ya vidole, alafu kama siafu wanatembea chini ya ngozi, usiku nyayo zinawaka moto mpaka nazitoa nje ya shuka. Kila niliyemwambia alisema ni huo ugonjwa wako, na hawakuwa wanatunga, polisaithemia kweli inaleta nyayo na viganja kuwaka na kuwa vyekundu, mishipa midogo inasumbuliwa na chembe sahani. Basi nikavumilia. Ukapita mwaka na miezi. Nikaanza kuyumba nikitembea gizani, nikiosha uso nikafumba macho lazima nishike ukuta, majina ya watu ninaowafahamu yananipotea katikati ya sentensi. Nani angefikiria B12 wakati karatasi inasema ninayo ya kumwaga?

Daktari wangu wa damu ndo alikuja kunikalisha akanielekeza, na hiki alichonielekeza ndicho ambacho makala yenu ilikiacha. B12 haitembei peke yake kwenye damu, inabebwa na proteini, na wabebaji wakuu ni wawili. Mmoja anaitwa haptokorini, huyu anabeba sehemu kubwa sana, kama asilimia 70 mpaka 80 ya B12 yote iliyoko kwenye damu, lakini mzigo wake haushushi kwenye seli za kawaida za mwili. Mwingine ni transkobalamini, anabeba kidogo kilichobaki, ila huyu ndo anagonga mlango wa seli na kukabidhi. Kipimo cha kawaida cha B12 kinahesabu mzigo wote kwa pamoja, hakiulizi uko kwa nani. Sasa haptokorini inatengenezwa kwa sehemu na seli nyeupe, na mtu ambaye uboho wake unatoa seli nyeupe kwa wingi anakuwa na haptokorini nyingi, nayo inashikilia B12 nyingi, namba inapaa. Yaani malori yamejaa barabarani lakini nyumbani hakuna kilichoshushwa.

Tena sio jambo jipya. Zamani kabla ya kipimo cha jeni, madaktari waliokuwa wanautafiti ugonjwa huu waliiweka B12 ya zaidi ya 900 kuwa moja ya dalili za kusaidia kuutambua. Kwa hiyo ile 1,380 yangu ilikuwa ni ugonjwa wangu wenyewe unaongea, na mi nikasomewa kama mtu aliyebugia vidonge.

Akaagiza vipimo viwili ambavyo sikuwahi kuvisikia, asidi ya methilimaloniki na homosisteini. Hivi havihesabu vitamini, vinaangalia kama seli zinafanya kazi ambayo bila B12 haifanyiki, B12 ikikosekana ndani ya seli vitu hivi viwili vinarundikana kwenye damu. Vyangu vyote viwili vilikuwa juu. Alinipima na figo kwanza, maana figo zikichoka navyo vinapanda hata kama vitamini ipo, na homosisteini peke yake inapanda pia foleti (vitamini B9) ikipungua. Figo zilikuwa safi, foleti iko sawa. Kumbe seli zangu zilikuwa na njaa ya B12 wakati damu imejaa B12.

Na chanzo tukakiona kwenye mfuko wangu wa dawa. Tumbo linahitaji asidi ili kuichomoa B12 kutoka kwenye chakula, na omeprazoli kazi yake ni kupunguza asidi, ukiitumia miaka unaweza kuishiwa taratibu. Metfomini ya wenye kisukari nayo inapunguza B12. Inachukua muda kuonekana kwa sababu ini lina akiba ya miligramu kadhaa na mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 2.4 tu, akiba hiyo inaweza kukusogeza miaka. Nilichomwa haidroksokobalamini, yaani B12 ya sindano, mwanzoni mara kwa mara baadae kwa kuachanisha, na baada ya miezi kichwa kikatulia na ile kuyumba ikapungua sana. Vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo havina hisia na nimeambiwa nisitegemee.

Kuna mtu atauliza kwani seli nyekundu hazikuonyesha? Maana kila kitabu kinasema B12 ikipungua seli nyekundu zinakuwa kubwa. Ni kweli, ila ngojeni muone kwa mtu kama mimi. Kutolewa damu mara kwa mara kunamaliza madini ya chuma, na chuma kikipungua seli zinakuwa ndogo. Haidroksiyurea nayo inazifanya kuwa kubwa hata kama vitamini zote zipo sawa. Moja inavuta huku nyingine inavuta kule, kwenye karatasi unakuta ukubwa wa kawaida kabisa na kila mtu anaridhika. Na yule ambaye yuko kwenye haidroksiyurea bila kutolewa damu, seli zake zitakuwa kubwa na wote watasema ni dawa, hata siku ambayo ni upungufu kweli.

Hapo kwenye haidroksiyurea nikumbushie wenzetu wa selimundu, maana wengi wao wanaimeza hiyo hiyo. Kliniki nilikaa benchi moja na mama mmoja mwenye kijana wa miaka 16 mwenye selimundu, akanionyesha daftari la mwanae, foliki asidi kila siku tangu akiwa mdogo, B12 haijapimwa hata mara moja. Akaniuliza, "Dada, si zote ni vitamini B, ya kuongeza damu?" Ndivyo tulivyofundishwa wote, kwamba B ni B. Foliki asidi ni foleti ya kidonge, yaani B9, na sababu ya kumpa mgonjwa wa selimundu inaeleweka vizuri, seli nyekundu ya kawaida inaishi siku kama 120 ila yake inaishi kama 10 mpaka 20, uboho unafanya kazi bila kupumzika na foleti inatumika haraka, na akiba ya foleti ni ya miezi tu sio miaka. Shida ni kwamba foleti nyingi inaweza kuisahihisha damu ya mtu ambaye amepungukiwa B12, damu inapanda, seli zinarudi ukubwa wake, huku neva (mishipa ya fahamu) zinaendelea kuharibika kimya kimya. Hili liliwapata wagonjwa miaka ya 1940, foliki asidi ilipoanza kupatikana wakapewa watu wenye upungufu wa damu ambao chanzo chake kilikuwa B12, damu ikapona na miguu ikapooza. B12 yenyewe ilitengwa mwaka 1948.

Simwambii mama yule wala mwingine yeyote aache foliki, hapana, msije mkanielewa vibaya. Nilimwambia aulize B12 ipimwe, na kijana akilalamika ganzi isisemwe tu kwamba ni selimundu. Na kama huwa anapewa ile gesi ya kuvuta ya kutuliza maumivu, nitrasi oksaidi, aitaje pia, kwa sababu gesi hiyo inaiua nguvu B12 iliyopo, na wenye maumivu ya mara kwa mara wanaweza kuivuta mara nyingi kuliko watu wengine.

Lingine ambalo makala yenu imelipita juu juu ni hivi vidonge vya B vya mchanganyiko ambavyo watu wanameza kwa ajili ya nguvu. Nawaelewa, uchovu wa ugonjwa wa damu unaweza kukufanya umeze chochote. Ila B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva na dalili zake ni ganzi na kuungua, zile zile za kupungukiwa B12, kwa hiyo unaweza kuongeza dozi ya kitu kinachokuumiza ukidhani unajitibu. Na biotini, B7, ile ya nywele na kucha, dozi kubwa inavuruga mashine za maabara, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017, baadhi ya vipimo vinatoka juu kuliko ukweli na vingine chini, mpaka kipimo cha moyo cha troponini kinaweza kutoka chini wakati moyo umeumia. Kwa baadhi ya mashine B12 ndo inatoka juu kwa uongo. Semeni maabara mnachomeza kabla sindano haijaingia.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba ule mstari urekebishwe. Mtu ambaye hamezi vitamini yoyote na B12 yake iko juu asiambiwe apunguze, apunguze nini? Anatakiwa atafutiwe sababu, inaweza kuwa ini, inaweza kuwa uboho, kuna leukemia sugu ya mayeloidi, aina ya saratani ya damu, ambayo inaipandisha B12 mara nyingi zaidi ya kawaida, na mtu anaweza kuwa bado hajui kama anaumwa. Na yule ambaye tayari ana ugonjwa wa damu na ana ganzi, hiyo namba kubwa isimfungie mlango, aombe asidi ya methilimaloniki, na aipeleke orodha ya dawa zake zote pamoja na zile za tumbo. Tena apimwe kabla hajachomwa sindano ya kwanza, ukishachomwa B12 inapaa kwa kila mtu na hakuna atakayejua ulianzia wapi. Mimi nilibahatika daktari alisubiri vipimo, wengi wanachomwa siku hiyo hiyo.

Na kama mwandishi wenu ana nafasi, naomba aende akaongee na daktari wa damu kuhusu foleti na B12 kwa wenye selimundu, aandike ukurasa mzima. Yule mama wa kliniki ananunua gazeti lenu, aliniambia.

Msomaji wenu,
mgonjwa wa polisaithemia vera