Waandishi wa programu wasisahau saa za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie waandishi wetu wa programu za kompyuta jambo linalotusumbua sisi tunaohudumia mizigo ya majini hapa Kigoma. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, ilhali Burundi, Zambia na mashariki ya Kongo ziko saa 2 mbele. Programu inayotumika ofisini kwetu huhifadhi saa kama inavyosomeka kwenye kioo, bila kutaja ni saa ya wapi. Kwa hiyo taarifa ya shehena iliyotoka Kigoma 16:20 huonekana imepokelewa Bujumbura 15:22, kabla haijatumwa, na mkaguzi akiuliza, karani hana la kujibu.

Nimewahi kuambiwa kwamba, kwa kuwa sisi hatusogezi saa kila mwaka kama Ulaya, inatosha kuandika "+3" ndani ya programu na kuendelea na mengine. Hoja hiyo inakomea ufukweni. Hata kumtaka mtumiaji achague nchi hakutoshi, maana Kinshasa na Kalemie zote zimo Kongo na zinatofautiana kwa saa nzima. Tena serikali yoyote inaweza kubadili saa yake kwa tangazo tu: Sudan Kusini, iliyokuwa na saa sawa na yetu, ilirudi nyuma kwa saa 1 tarehe 1 Februari 2021, na programu iliyoandikiwa "+3" ya Juba isingeweza kulijua hilo.

Tukio lililokwisha kutokea lihifadhiwe kwa UTC, pamoja na jina la ukanda wake wa saa, yaani eneo linalofuata saa moja, kama vile Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Bujumbura. Miadi ya siku zijazo, kwa mfano saa ya meli kuondoka, ihifadhiwe kwa saa ya mahali penyewe na jina la ukanda, kwa sababu kanuni ikibadilika katikati, abiria atafuata saa ya bandarini na si hesabu iliyopigwa miezi mitatu nyuma. Majina hayo na historia yake yamo katika hifadhidata inayosimamiwa na IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti; hifadhidata hiyo ni ya bure na hurekebishwa kila nchi zinapobadili kanuni zao.

Ugumu huanza programu moja inapotakiwa kufanya kazi kwenye mifumo tofauti ya kuendeshea kompyuta. Linux na macOS huja na hifadhidata hiyo, lakini Windows ina orodha yake yenye majina mengine, na saa yetu huiita "E. Africa Standard Time". Lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, husoma data ya ukanda kutoka kwenye mfumo. Kwenye Windows haiikuti, hivyo mwandishi hulazimika kuifungasha mwenyewe. Aifungashe, lakini aiache katika faili la pekee linaloweza kubadilishwa kwa kuletwa na diski mkononi, kwani kompyuta nyingi za maofisini huku hukaa muda mrefu bila intaneti. Mafundi nao wakumbuke kwamba Windows huweka saa ya ndani ya mashine kwa saa ya mahali, na Linux huiweka kwa UTC. Kompyuta yenye mifumo yote miwili, isiporekebishwa, hapa kwetu hukosea kwa saa 3 kamili.

Kuna pia anayerudisha saa ya kompyuta nyuma kwa saa 6 ili imwonyeshe saa nne badala ya 10:00. Namwelewa, lakini hilo ni suala la maonyesho tu, na programu ingeweza kumtimizia bila kuharibu kumbukumbu za ofisi nzima.

Kwa sasa tungeshukuru iwapo stakabadhi na hati za shehena zingechapishwa na jina la mji kando ya kila saa.

Wakala wa mizigo,
Kigoma