Mwanangu, panga kihamba kwanza

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Marangu sote tu wazima, mvua za vuli zimetosha na maharage yameshika. Ramani ya nyumba uliyonitumia kwenye simu nimeiangalia mara nyingi, na kaka yako akanikuzia yale maandishi madogo. Nyumba yenyewe nimeipenda. Lakini kule nje fundi wako amejaza ukoka, pevingi na michikichi ya mapambo, kisha kwenye kona moja akaandika "bustani". Hapo ndipo niliposhika kalamu. Ekari moja na nusu aliyokuachia baba yako yote ni bustani, na ilikuwa bustani kabla babu yake hajazaliwa. Nyumba inatafutiwa nafasi humo ndani.

Nakuomba uipange upya, na uanzie juu kwenye vilele vya miti. Kihamba, shamba letu la ukoo lenye nyumba ndani yake, huwezi kukielewa kwenye karatasi. Simama chini, inua uso, uangalie jua linapenya wapi saa nne asubuhi na linaishia wapi saa tisa. Juu kabisa kuna miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa kuna magimbi, maharage na mboga. Viazi vikuu vinapanda kwenye shina la mti na kujitafutia mwanga vyenyewe. Kila tabaka linaishi kwa mwanga ulioachwa na la juu yake, kwa hiyo ukikosea miti, hata ukimwaga samadi ya boma zima, kahawa haitazaa.

Ile miruka iliyo kando ya njia asiiguse mtu. Najua fundi ameiwekea alama ya kukatwa ili gari lipate kugeuka. Majani yake ni madogo madogo, yanachuja jua bila kulizuia, na kwa kuwa mruka ni wa jamii ya mikunde, unarutubisha udongo. Mti wa namna hiyo juu ya kahawa hauupati kwa mwaka mmoja wala kwa kumi. Mringaringa nao ubaki, ni mbao nzuri na nyuki wanaupenda ukitoa maua. Msesewe uko kule bondeni kwenye unyevu, mahali pake hasa, na wajomba zako hawatanisamehe ukikatwa, maana bila gome lake mbege, pombe yetu ya ndizi, haina uchungu unaotakiwa. Ukitaka kuongeza miti, panda migrivea mpakani, uwe unaipogoa upate kuni. Mparachichi mzuri, ila kivuli chake ni kizito, upeleke kona ya chini pasipo na kahawa. Mkaratusi usiulete kabisa. Unakunywa maji mno, na maji ndiyo yaliyotuweka kwenye mlima huu.

Nije kwenye maji. Mstari ule uliokatiza upande wa juu wa kiwanja, ambao fundi ameujengea gereji, ni mfongo, mfereji wetu wa maji. Wazee waliuchimba kwa mikono wakifuata mteremko kutoka mtoni, bila pampu wala bomba, na maji yanashuka yenyewe. Mifongo mingi mlimani imekufa kwa kukosa watu wa kuizibua. Wetu unapitisha maji hadi leo kwa sababu kuna kamati, kuna zamu, na siku ya kusafisha kila nyumba inatoa mtu. Chini yetu kuna familia zinazousubiri. Ukiufukia utakuwa umewanyima maji watu watakaokuja kukuzika mimi nikiwa nimetangulia, na hilo siwezi kulikubali. Gereji isogee chini. Pale njia inapouvuka mfongo, weka daraja dogo la zege, na uache nafasi ya mtu kuinama na jembe akatoa tope.

Baada ya maji, zizi. Kwenye ramani yako silioni. Najua unafikiria harufu na wageni, lakini kihamba bila ng'ombe ni shamba linalokopa bila kulipa. Liweke upande wa juu wa migomba, mbali kidogo na madirisha ya kulala, sakafu ya zege iliyoinama, na mfereji mdogo wa kupeleka mkojo na samadi mbichi kwenye shimo. Kutoka hapo kila kitu kinashuka. Mimi na bibi yako tumepandisha samadi kwa kichwa kwa sababu zizi la zamani lilijengwa chini, karibu na barabara. Shingo yangu hii inakuambia usirudie. Kwenye kingo za matuta panda mabingobingo: mizizi inazuia udongo usiporomoke masika, na majani ni chakula cha ng'ombe. Mgomba ukishavunwa, shina lake linakatwakatwa na kurudi horini. Hakuna kinachotoka humu bure isipokuwa kile tunachokula na kuuza.

Sasa migomba, na hapa nisikilize vizuri, kwa maana hili ni eneo letu wanawake. Kahawa ilikuwa ya wanaume, pesa yake ikipita chamani na mikononi mwao. Ndizi zilikuwa za mama, za kupika na za kupeleka sokoni, na daftari zako za shule zilitoka humo. Mshare uwe mwingi kuliko zote, karibu na jiko, maana hauna mpinzani kwa mtori na machalari. Kisukari weka njiani watoto wapite wakichuma. Ndizi za pombe zikae chini karibu na msesewe.

Machipukizi usinunue kwa mtu usiyemjua. Shangazi yako wa kule Mamba ana mshare safi, nimeshazungumza naye. Chagua chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka. Lile lenye majani mapana likiwa bado dogo ni dhaifu, mizizi yake haijashika. Likishang'olewa, limenye kwa kisu kuanzia chini mpaka uone weupe mtupu. Ukikuta vijitundu vyeusi, hiyo ni njia ya fukusi, tupa mbali, usilionee huruma hata kama ni kubwa. Shimo liwe na sentimita 60 kila upande, mita 3 toka shimo hadi shimo, udongo wa juu uuchanganye na samadi iliyooza. Shina likishakua, acha mama, mtoto na mjukuu tu, mengine yaondoe. Na mtoto mchague wa upande uleule kila mara, ili mashina yasogee kwa mstari na yasije yakaifuata kahawa.

Kahawa ile ya babu yako usiing'oe. Najua majirani waliing'oa bei ilipoanguka, wakapanda nyanya, na siwalaumu, walikuwa na ada za kulipa. Lakini familia hii iliuza kahawa kupitia KNCU, chama chetu cha ushirika, tangu kilipoanza mwaka 1933, na mibuni ile bado inazaa ikikatwa vizuri. Palipo na mapengo, nenda TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, uulize miche ya aina mpya zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Zitakupunguzia kupiga dawa, na wajukuu zangu watacheza humo bila mimi kuwakimbiza.

Ukuta wa tofali sikatai upande wa barabara, nyakati zimebadilika. Pande nyingine tatu ziwe za masale, mimea yetu ya mpaka. Unajua isale kwetu ni nini: mtu aliyekukosea akija nalo mkononi kuomba msamaha, humfukuzi. Jirani anayeishi ng'ambo ya masale anajua mpaka uko wapi na anajua pia kwamba mnaweza kuongea. Na pale kwenye masale ya katikati, karibu na mringaringa, wamelala babu, bibi na baba yako. Maegesho yako yamefika karibu mno. Yarudishe nyuma, uache nafasi ya watu kusimama.

Wapo wanaonong'ona kwamba kihamba hakirithiwi na binti. Waache waseme. Baba yako aliandika mbele ya ukoo, mdogo wako akakubali kwa mdomo wake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Fuatilia hatimiliki ya kimila kabla hujamwaga zege, jina liwe lako kamili. Siku ya kupima mpaka, ita majirani na wazee, masale mapya yapandwe macho yao yakiona.

Fundi wako simlaumu, amesomea majengo na hakukulia huku. Mpeleke Shimbwe Juu, kule Uru, ambako FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Atembee humo asubuhi nzima bila karatasi, kisha ndipo achore. Ataona nyumba zimekaa ndani ya migomba na hewa yake ni baridi mchana kutwa.

Ukoka wa mbele ya nyumba nimeukubali. Desemba watoto wote wakipanda kutoka Dar na Arusha tunahitaji mahali pa kufunga turubai na kuchinjia. Uwe mpana wa kutosha turubai moja, basi.

Kazi ya kwanza ni kuzibua mfongo na kujenga zizi, ili samadi ipate kuoza. Mashimo yachimbwe Januari, na machipukizi yaingie ardhini masika yakianza mwezi Machi. Msingi wa nyumba ufuate baada ya hapo, mahali pale palipobaki. Nijibu mapema kuhusu zizi, kwa sababu baba yako mdogo amepata mawe ya bei nzuri na anauliza ayashushe wapi.

Mama yako akupendaye.